Midomo ya kununua: Uingereza yajiuliza nani ashike sindano

SERIKALI ya Uingereza ilitangaza mnamo Agosti 2025 kwamba watu wanaodunga wateja sindano za kunenepesha midomo nchini England watahitajika kuwa na leseni kutoka kwa mabaraza ya maeneo yao. Kwa mgeni wa mambo hayo, habari kubwa katika tangazo hilo haikuwa leseni yenyewe. Kubwa lilikuwa kwamba kwa miaka yote iliyotangulia, leseni hiyo haikuwako.

Katika nchi hiyo, anayetaka kuuza chakula, hata kama ni maandazi na chai, sharti ajisajili kwanza kwa baraza la eneo lake. Lakini msusi aliyehudhuria mafunzo ya siku moja aliweza kununua sindano iliyojaa dawa, kumlaza mteja kwenye kochi la sebuleni na kumdunga katika mdomo wa juu, sehemu yenye mishipa mingi ya damu, na asiwe amevunja sheria yoyote. Malipo ya kawaida ya kazi hiyo ni kati ya pauni 150 na 300, na wako wanaotoza chini ya hapo.

Onyo halikukosekana. Mnamo 2013, Profesa Bruce Keogh, aliyekuwa mkurugenzi wa tiba katika Idara ya Afya ya Taifa, NHS, aliikabidhi serikali ripoti iliyoagizwa baada ya kashfa ya matiti bandia ya kampuni ya PIP ya Ufaransa, yaliyokuwa yametengenezwa kwa silikoni isiyofaa kutumiwa mwilini. Katika ripoti hiyo, dawa za kujaza ngozi zilitajwa kuwa janga linalosubiri kutokea. Ilielezwa pia kwamba mtu anayedungwa dawa hizo hakuwa na ulinzi wa kisheria kumshinda mtu anayenunua kalamu ya wino au mswaki.

Ilichukua miaka 8 kabla ya sheria ya kwanza ya maana kupatikana, nayo iliwahusu watoto pekee. Tangu Oktoba 1, 2021, ni kosa la jinai nchini England kumdunga dawa ya kujaza au sumu ya botulinamu mtu aliye chini ya umri wa miaka 18 kwa sababu ya urembo, hata kama mzazi wake ameridhia. Mwaka uliofuata, sheria pana ya afya ilimpa waziri mamlaka ya kuanzisha leseni kwa watu wazima. Maoni ya umma yakakusanywa mwishoni mwa 2023. Uchaguzi ukaja, serikali ikabadilika, na jibu rasmi likatolewa 2025. Katika muda huo wote, biashara haikusubiri.

Ili kuelewa ni kwa nini jambo linaloonekana la upuzi limewashughulisha wabunge, madaktari na wanasheria kwa zaidi ya mwongo mmoja, inafaa kuutazama mdomo wenyewe.

Mdomo wa juu ndio unaotangulia kusaliti umri. Miaka inaposonga, nafasi iliyo kati ya pua na ukingo wa mdomo hurefuka, sehemu nyekundu hujikunja kwa ndani na kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani hulala kikawa bapa. Watu wa asili ya Ulaya, ambao wengi wao huzaliwa na mdomo wa juu mwembamba kuliko wa chini, huliona badiliko hilo mapema. Wadunga sindano wa nchi za Magharibi hata wana kipimo chao, kwamba mdomo wa chini uuzidi ule wa juu kwa unene wa mara moja na nusu au zaidi kidogo. Hicho ni kipimo kilichotokana na nyuso za Wazungu, na anayekitumia kwa uso wa Mkamba au Mjaluo, ambao mara nyingi midomo yote miwili hukaribiana kwa unene, ataharibu kitu kilichokuwa sawa.

Tamaa ya kuujaza mdomo huo si ya jana. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga mafuta mazito aina ya vaselini chini ya ngozi. Wenzake wakafuata kwa nta ya parafini. Matokeo ya awali yalifurahisha, kisha baada ya miaka vitu hivyo vikahama, vikafanya mabonge na vidonda, na utaratibu huo ukaachwa kwa aibu. Baadaye ilikuja silikoni ya majimaji, ambayo nayo iliacha mabonge yanayoweza kujitokeza miaka mingi baada ya sindano. Shirika la Chakula na Dawa la Marekani, FDA, halijawahi kuiidhinisha kwa kazi ya kunenepesha midomo, ijapokuwa bado hudungwa kwa siri sehemu nyingi za dunia kwa kuwa ni rahisi na haiyeyuki. Kutoyeyuka huko kunakosifiwa na wauzaji ndiko hasa kunakowatisha madaktari.

Mnamo 1981, FDA iliidhinisha kolajeni iliyotokana na ngozi ya ng'ombe. Hiyo ilikuwa salama zaidi, lakini mteja alilazimika kupimwa kwanza mkononi na kungoja wiki kadhaa ili ijulikane kama mwili wake ungeikataa, na akishadungwa, baada ya miezi michache mdomo ulirudi ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo ilibaki kuwa anasa ya waigizaji na wake wa matajiri.

Kilichoifikisha sindano kwa msichana wa kawaida wa Liverpool au Essex ni asidi ya hialuroniki. Jina linatisha, lakini kitu chenyewe kimo katika mwili wa kila mtu: ni aina ya sukari yenye mnyororo mrefu inayoshika maji, na hupatikana katika ngozi, viungo na macho. Wanasayansi Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwa mara ya kwanza katika jicho la ng'ombe mjini New York mnamo 1934. Leo huzalishwa na bakteria viwandani, kisha minyororo yake hufungwa kwa kemikali ili isiyeyuke upesi. Kampuni ya Q-Med ya Uswidi ilianza kuiuza barani Ulaya mnamo 1996 kwa jina la Restylane. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa makunyanzi mwishoni mwa 2003, na kwa midomo, tena kwa watu waliotimiza umri wa zaidi ya miaka 21, mnamo 2011.

Faida yake ni mbili. Haihitaji kipimo cha kungoja wiki nyingi, na ikiharibika inaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hialuronidasi. Mililita moja, yaani chini ya robo ya kijiko cha chai, hutosha midomo yote miwili, na aghalabu mdunga sindano mwangalifu hutumia nusu yake. Wateja huambiwa kwamba itadumu miezi 6 hadi 12. Hata hivyo, picha za MRI zimeonyesha mabaki ya dawa hiyo yakiwa bado usoni miaka kadhaa baadaye, na hilo linaeleza kwa nini wanaorudi kuongezewa kila baada ya miezi 6 huishia na mdomo wa juu uliotuna hadi puani, ule ambao mabingwa wa mzaha huufananisha na wa bata. Dawa ya awali haikuwa imekwisha. Ilikuwa imehama tu, ikapanda juu ya ukingo.

Halafu ikaja mitandao ya kijamii. Mnamo Aprili 2015, vijana wa Marekani na kwingineko walianza kuingiza midomo katika glasi ndogo na kufyonza hewa ili ivimbe kama ya Kylie Jenner, binti wa ukoo maarufu wa kipindi cha televisheni cha akina Kardashian. Wengi waliishia na michubuko na wengine na vidonda, glasi zilipovunjika. Jenner, aliyekuwa na umri wa miaka 17 wakati huo, alikuwa akidai kwamba midomo yake ilitokana na ufundi wa kalamu ya rangi. Mwezi uliofuata alikiri kwamba alikuwa amedungwa sindano.

Ungetarajia kukiri huko kumfilisi. Mwisho wa mwaka huo alianza kuuza rangi ya mdomo pamoja na kalamu yake kwa dola 29, na akiba ya kwanza ikaisha kwa dakika chache. Mnamo 2019, kampuni ya vipodozi ya Coty ilikubali kulipa dola milioni 600 kununua asilimia 51 ya biashara yake. Kwa maneno mengine, watu walionunua kalamu walijua fika kwamba si kalamu iliyoinenepesha midomo ile, na wakainunua vivyo hivyo. Waliobaki walikwenda kwa wadunga sindano. Kufikia 2023, sindano ya asidi ya hialuroniki ilikuwa ya pili duniani miongoni mwa huduma za urembo zisizo za upasuaji, ikitanguliwa na ile ya botulinamu pekee.

Nchini Uingereza, kipindi cha Love Island kilifanya kazi iyo hiyo. Kila kiangazi, vijana wenye midomo inayolingana walikaa wiki nyingi mbele ya kamera wakiwa na mavazi ya kuogelea. Mmoja wa waliopata umaarufu humo, Molly-Mae Hague, alitangaza mnamo 2020 kwamba ameyeyusha dawa zote alizokuwa amedungwa usoni. Lakini alikuwa na uwezo wa kumlipa mtaalamu wa kuziyeyusha, na hapo ndipo penye kiini cha mgogoro wa sasa.

Katikati ya mdomo wa juu hupita mshipa wa ateri unaotokana na ule wa shavuni. Kina chake hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hakuna alama ya nje inayoonyesha ulipo. Sindano ikiingia ndani ya mshipa huo, au dawa nyingi ikaubana kutoka nje, damu hukatika. Ngozi hupauka, kisha hugeuka madoadoa ya rangi ya zambarau, na maumivu huzidi yale ya kawaida. Kinachofuata ni mbio za saa. Hialuronidasi ikidungwa mapema, kwa wingi na kwa kurudiwa, damu hurudi na mteja huenda nyumbani na hofu tu. Ikichelewa, sehemu ya mdomo hufa, ikawa nyeusi na kuacha kovu la kudumu. Katika matukio machache sana, dawa iliyodungwa usoni imesafiri hadi kwenye mishipa ya jicho na kumpofusha mtu, ingawa hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa sindano za pua na za kati ya nyusi.

Sasa kinaya. Nchini Uingereza, dawa ya kujaza mdomo haihesabiwi kuwa dawa. Ni kifaa, na mtu yeyote aliweza kukinunua. Hialuronidasi, inayookoa mdomo mambo yanapokwenda mrama, ni dawa inayotolewa kwa cheti cha daktari au mtaalamu mwingine aliyeruhusiwa kuandika cheti. Matokeo yake ni kwamba sheria ilimruhusu asiye mtaalamu kuleta madhara, ikamnyima njia halali ya kuyaondoa. Ni sawa na kumpa mtu gari lenye kichapuzi na kumwambia kwamba breki ziko kwa jirani, na jirani hufunga saa 11 jioni.

Wanaokumbwa na hayo hukimbilia hospitali za umma. NHS hailipii urembo, lakini haiwezi kumfukuza mgonjwa ambaye mdomo wake unaoza. Kwa hivyo faida ya sindano huingia katika mfuko wa aliyedunga, na hasara hulipwa na mlipa kodi ambaye labda hajawahi hata kupaka mafuta ya mdomo.

Mpango uliotangazwa na serikali mnamo 2025 unagawa huduma hizi kwa kadiri ya hatari. Zile za hatari kubwa kabisa, kama vile kudunga dawa nyingi za kukuza makalio, zitabaki mikononi mwa wataalamu wa afya waliohitimu, katika vituo vinavyokaguliwa. Sindano za midomo na za botulinamu zimewekwa katika kundi la chini, litakalosimamiwa na mabaraza kwa leseni.

Hapa maoni yanagongana. Vyama vya madaktari wa upasuaji wa urembo vimekuwa vikishikilia kwamba sindano yoyote inayoingia usoni ni tendo la tiba. Warembeshaji nao hujibu kwamba wao ndio waliojenga biashara hiyo, kwamba wengi wao wamejifunza kwa miaka, na kwamba daktari anayedunga mara moja kwa mwezi hamshindi msusi anayedunga kila siku. Hoja hiyo ina uzito fulani, maana mkono huzoea kwa kazi. Lakini haijibu suala la hialuronidasi. Uzoefu wa kudunga midomo 1,000 iliyopona haumfundishi mtu la kufanya mbele ya mdomo mmoja unaopauka saa 3 usiku.

Ufaransa haikutaka mjadala huo mrefu. Huko kudunga ni kazi ya madaktari kisheria, na tangu Julai 2024 asidi ya hialuroniki ya sindano haiuzwi bila cheti cha daktari. Marekani nayo huihesabu kuwa kifaa cha kutolewa kwa cheti, na mnamo Oktoba 2021 FDA ililazimika kuwaonya watu dhidi ya kalamu zinazosukuma dawa mdomoni kwa nguvu ya hewa pasipo sindano, ambazo ziliuzwa mtandaoni kwa watu wa kujifanyia nyumbani. Wafanyabiashara walikuwa wakizisifu kwamba haziumi. Hazikuwa na sindano, ni kweli, ila zilisukuma dawa bila mtu kujua inakokwenda.

Je, asiyetaka sindano ya kujaza ana njia gani nyingine? Zipo, na kila moja ina bei yake, hata ile isiyolipiwa kwa fedha.

Ya kwanza ni sindano ya botulinamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox. Matone machache huwekwa kwenye ukingo wa juu, katika msuli wa duara unaozunguka kinywa. Msuli ukilegea, mdomo wa juu hujikunjua kwa nje na sehemu nyekundu huonekana zaidi. Haiongezi unene hata kidogo, na baada ya miezi 2 au 3 huwa imekwisha. Katika muda huo, baadhi ya watu hushindwa kunywa kwa mrija, kupiga mbinja au kutamka vizuri herufi za midomo kama p na b. Kwa mwimbaji wa taarab au mtangazaji wa redio, hilo si jambo dogo.

Ya pili ni upasuaji wa kuinua mdomo. Daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi chini ya pua, wenye umbo la pembe za fahali, kisha hushona. Nafasi ya kati ya pua na mdomo hupungua na mdomo huinuka moja kwa moja. Kwa mtu mwenye umri mkubwa ambaye tatizo lake ni urefu wa nafasi hiyo, hii ndiyo njia yenye mantiki zaidi, kwa sababu kumjazia dawa ni kuongeza uzito mahali palipokwisha kulegea. Lakini kovu hubaki, na hakuna kimeng'enya cha kuliyeyusha. Watu wenye asili ya Kiafrika hupata zaidi makovu ya kuvimba ambayo madaktari huyaita keloidi, na ijapokuwa katikati ya uso si mahali yanapopenda kuota kama kifuani au masikioni, aliyewahi kuvimba baada ya kutoga sikio ana kila sababu ya kumweleza daktari hilo kabla ya kisu.

Wapo pia wanaohamishiwa mafuta yao wenyewe kutoka tumboni au mapajani. Sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili na sehemu hubaki, na hakuna anayeweza kuahidi ni kiasi gani. Vipande laini vya silikoni ngumu navyo hupachikwa kwa upasuaji mdogo, na vikisumbua huweza kutolewa. Rangi ya kuchanjwa mdomoni huudanganya macho kwa kuuchora ukingo upya.

Mafuta ya mdomo yenye pilipili, mdalasini au mnanaa huuwasha mdomo ukavimba kidogo kwa muda mfupi, na aliyewahi kula pilipili mbuzi hahitaji kuelezwa zaidi. Kalamu ya rangi inayopitishwa nje kidogo ya ukingo ni ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo pekee inayoondoka kwa maji na sabuni.

Upo upande mwingine wa jambo hili ambao haumo katika ripoti za serikali ya London. Kuanzia 1958 hadi 1978, shirika la BBC lilirusha kipindi cha nyimbo ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni na kujichora midomo mipana ili kuwaiga watu weusi, nacho kilikuwa miongoni mwa vipindi vilivyopendwa sana. Mdomo mnene ulikuwa kichekesho. Watoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, Nigeria na Kenya waliokulia Uingereza miaka hiyo walicheka kwa shida, maana mdomo uliokuwa ukichekwa ndio waliokuwa nao. Chini ya nusu karne baadaye, mdomo uo huo unauzwa kwa mililita katika barabara ya maduka, na wanaoununua kwa wingi ni wajukuu wa waliokuwa wakicheka.

Wako wanaosema kwamba hiyo ni dalili ya maendeleo, kwamba dunia imeanza kuona uzuri pale ilipokuwa ikiona ubaya. Wako wanaosema kwamba umbo lilichukuliwa na mwenyewe akaachwa nje. Ukweli unaelekea upande wa pili, kwa sababu mdomo mnene huonekana wa kupendeza zaidi machoni pa soko ukiwa kwenye uso mweupe wenye pua nyembamba. Walakini, ingekuwa kosa kudhani kwamba wazo la kuukuza mdomo wa juu lilianzia Ulaya au Marekani.

Wanawake wa Kimakonde, pande zote mbili za mto Ruvuma, walikuwa wakitoboa mdomo huo huo wa juu tangu usichana na kuvisha kipande cha mti kiitwacho ndonya, kilichobadilishwa kwa kikubwa zaidi kadiri miaka ilivyopita. Ndonya ilitangaza kwamba mwenye kuivaa ni Mmakonde na ni mwanamke kamili. Wachongaji waliichonga kwenye vinyago vya mapiko, na humo imebaki, kwani vizazi vya baadaye viliacha desturi hiyo. Wamakonde walioletwa kwenye mashamba ya mkonge ya Pwani ya Kenya wakati wa ukoloni walikaa miongo mingi bila uraia, hadi serikali ilipowatambua mnamo 2016. Hao ni watu ambao bibi zao walichekwa kwa ajili ya mdomo wa juu mkubwa.

Tofauti iliyopo inafaa kuzingatiwa. Aliyetoboa mdomo wa msichana wa Kimakonde alijulikana kijijini, na kama mkono wake ungekuwa mbaya, kila mzazi angejua. Mteja wa Manchester anayempata mdunga sindano kwa kutazama picha mtandaoni hajui jina lake kamili, wala mahali dawa ilikotoka.

Kwa Kenya, suala hili halijafika kwa ukubwa wa Uingereza, lakini limefika. Saluni na kliniki za Nairobi na Mombasa hutangaza sindano za uso na rangi za kuchanja midomoni, na baadhi ya wateja hawatafuti unene, wanatafuta ukingo uliochorwa vizuri au rangi isiyo nyeusi. Mnamo Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini jijini Nairobi, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga kliniki iliyohusika. Tukio hilo lilihusu kisu, na baraza lina mamlaka ya wazi juu ya madaktari na hospitali. Swali gumu zaidi ni la chumba cha nyuma cha saluni ambako hakuna daktari wala kitanda cha hospitali, ila kiti, taa na sindano iliyonunuliwa mtandaoni. Bodi ya Dawa na Sumu husimamia dawa na vifaa vya tiba vinavyoingizwa nchini, na ukaguzi wa bandarini na madukani una nguvu kuliko wa chumba hicho.

Kwa ngozi nyeusi kuna tahadhari ya ziada ambayo mafunzo ya siku moja hayana nafasi nayo. Dalili ya kwanza ya mshipa kuziba ni ngozi kupauka, na kupauka huko huonekana kwa urahisi kwenye ngozi nyeupe inayoonyeshwa katika picha nyingi za vitabu. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi, dalili hiyo hufichika, na mtaalamu hulazimika kubonyeza mdomo kwa kidole, kuachia na kuhesabu ni sekunde ngapi damu huchukua kurejea. Asiyefundishwa hivyo atamwambia mteja kwamba uvimbe ni wa kawaida na kwamba arudi nyumbani akaweke barafu.

Mteja anayeamua kudungwa, awe London au Nairobi, ana maswali machache yenye thamani kuliko picha zote za kabla na baada: dawa ni ya jina gani na kisanduku chake kiko wapi, je, inayeyuka, hialuronidasi imo chumbani humo wakati huo, na nani aliyeruhusiwa kuitumia. Anayeuliza kwa sababu ya vidonda vya homa vinavyomtoka mdomoni kila mara naye aseme mapema, kwani sindano inaweza kuamsha virusi hivyo na kuna vidonge vya kuvizuia.

Nchini England, mabaraza ndiyo yatakayobeba mzigo wa kutoa leseni, na ni mabaraza yaleyale ambayo kwa miaka mingi yamelia kwamba hayana fedha za kutosha wala wakaguzi. Sheria yenyewe inahusu England pekee. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina mamlaka yao katika masuala ya afya, na mdunga sindano anayenyimwa leseni upande mmoja wa mpaka hahitaji pasipoti kuvuka hadi upande wa pili.